Jrue au Dame? Gadi aliyetolewa Milwaukee na gadi aliyeletwa badala yake

Kila nikikaa na watu wa kikapu lazima hili swali litoke, ukipewa gadi mmoja tu (mchezaji wa nje anayeuchezesha mpira) kati ya Jrue Holiday na Damian Lillard, yaani Dame, unamchukua nani. Na mara nyingi jibu linatoka kabla swali halijaisha, Dame bana, unauliza nini sasa. Siwalaumu, mtu anayerusha mpira kutoka karibu na nembo ya katikati ya uwanja na unaingia huwezi kumkataa kirahisi. Ila mi ni mtu wa Milwaukee Bucks ya NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, nimekaa na Jrue misimu mitatu nikiangalia mechi usiku wa manane, halafu nikaona anatolewa ili aje huyo huyo Dame, kwahiyo kwangu hili sio swali la kijiweni, limenipitia mwenyewe.

Jibu langu nalitoa mapema: nachukua Jrue. Lakini sio kwa kila timu, na hapo ndo penye maneno, maana najua wapo wanaosoma hapa wana timu zao za mtaani au za chuo wanatafuta gadi wa aina gani waanze nae, na wapo madogo wanaotaka kujua wamuige nani. Soma mpaka mwisho halafu uamue mwenyewe.

Kwanza ilikuwaje, kwa ambaye hakufuatilia. Tarehe 27 Septemba 2023 Bucks walimtoa Jrue, wakaongeza na drafti yao ya raundi ya kwanza ya 2029 (zamu ya kuchagua mchezaji chipukizi) na haki ya kubadilishana drafti za 2028 na 2030, wakampata Dame kutoka Portland. Phoenix nao waliingia kati ndo Deandre Ayton akaishia Portland. Dame mwenyewe alikuwa ameomba kuondoka tangu Julai na alitaka Miami, sio Milwaukee. Washkaji zangu wote walishangilia, Giannis, nyota wetu, na Dame timu moja, nani atawakaba hawa? Mi nikaona nibaki kimya tu maana kila nikifikiria naona swali limegeuzwa, sio nani atawakaba wao, ni wao watamkaba nani. Siku nne baadae, Oktoba 1, Portland ambao walikuwa wanajenga timu ya vijana wakamsogeza Jrue kwenda Boston, wakachukua Malcolm Brogdon, Robert Williams na drafti mbili za raundi ya kwanza. Yani wiki haijaisha mlinzi wetu bora yuko kwa wapinzani wetu wakubwa kabisa Mashariki, upande wetu wa ligi. Niliumia aisee, na mpaka leo nikiandika hii bado naumia.

Sasa tuwaweke pamoja.

Kufunga, sina ubishi, ni Dame na kwa mbali. Huyu alitoka Weber State, chuo ambacho wengi hawajawahi kukisikia, akachukuliwa wa 6 kwenye drafti ya 2012 na akawa rukii (mchezaji mgeni kwenye ligi) bora wa mwaka bila mpinzani. 2014 akawatoa Houston kwa pointi tatu ikiwa imebaki sekunde 0.9. 2019 akawatoa Oklahoma City kwa ule mtupo wa zaidi ya mita 11 mbele ya Paul George, saa inalia mpira uko hewani, siku hiyo alifikisha pointi 50. Februari 2023 aliwafunga Houston 71. Msimu wake wa mwisho Portland kabla ya kuja kwetu alikuwa na wastani wa pointi 32.2 kwa mechi. Jrue hajawahi kukaribia hapo, mechi yake kubwa kabisa ni ya pointi 51 dhidi ya Indiana Machi 2023, na ile ilikuwa siku moja, sio kawaida yake. Kama timu yako usiku mzima inahangaika kupata mfungaji, mpira unazunguka mpaka sekunde 24 za kushambulia zinakaribia kuisha na hakuna anayejiamini kurusha, usisome zaidi, chukua mtu kama Dame. Vitu vyake unavihitaji. Hata akiwa hajarusha, walinzi wawili wanatoka kumfuata mbali na mstari wa pointi tatu na wenzake wanabaki wanne kwa watatu.

Ulinzi sasa. Hapa naomba uvumilivu maana ndo sehemu watu wanairuka.

Jrue ana urefu wa kama mita 1.93, sio mrefu kwa NBA, ila amejengeka kifuani na miguuni na ana mikono yenye nguvu za ajabu. Ukimwangalia vizuri utaona haruki ruki hovyo. Anakaa chini, kifua kiko mbele ya mtu, mkono mmoja uko kwenye mpira muda wote, na anajua mtu anapenda kwenda upande gani. Wengine wanaiba mpira kwa kuvizia pasi, wakikosea timu imefunguka, Jrue anakunyang'anya mpira ukiwa umeushika kabisa mkononi. Ndo maana anaweza kumkaba gadi mdogo mwenye mbio robo ya kwanza, halafu robo ya nne umkute anasukumana na mtu anayemzidi urefu na kilo chini ya ringi na hasogei. Boston walimtumia hivo sana, wakati mwingine walimpa pivoti (mtu mrefu wa chini ya ringi) wa timu pinzani ili wao wapange ulinzi wao wanavyotaka. Gadi anakaba pivoti! Ameingia kikosi cha kwanza cha walinzi bora wa ligi 2018, 2021 na 2023, na kikosi cha pili 2019, 2022 na 2024. Mara sita. Na kwenye ol-sta (mechi ya nyota wa ligi) alienda 2013 akiwa Philadelphia, halafu akakaa miaka kumi mizima hajaitwa tena mpaka 2023. Miaka kumi, na katikati hapo amechukua ubingwa na medali ya dhahabu ya Olimpiki. Nikisema jamaa hathaminiwi simaanishi kwamba makocha hawamjui, wachezaji wenyewe ndo wanamsifia kuliko mtu yeyote. Namaanisha sisi tunaoangalia, tunahesabu alichofunga tunasahau aliyemkaba kafunga ngapi.

Na kuna ushahidi mmoja ambao kila mara nautoa kwenye huu ubishi kwa sababu unawahusu wao wawili moja kwa moja. Pleyofu (hatua ya mtoano) za 2018, raundi ya kwanza, Portland walikuwa wa 3 Magharibi na New Orleans wa 6. Jrue alikuwa New Orleans na kazi yake ilikuwa moja, Dame. Msimu ule Dame alikuwa anafunga karibu 27 kwa mechi. Kwenye ile siriz (mfululizo wa mechi na timu moja, wa kwanza kushinda nne anapita) akashuka hadi 18.5, mitupo inaingia asilimia 35 tu, na Portland wakatolewa nne bila. Mechi ya kwanza Jrue ndo alimziba Pat Connaughton dakika ya mwisho pale Portland wakitaka kusawazisha, mechi ya pili akafunga 33, ya nne akafunga 41 huku mwenzake Anthony Davis akiwa na 47. Yani alimkaba mfungaji wao mkubwa na bado akafunga kama yeye ndo mfungaji. Mtu akiniambia Dame ni bora kwa kila kitu namwomba akaangalie zile mechi nne tu, azitazame macho yakiwa kwa Jrue hata kama hana mpira.

Dame kwenye kukaba ni tatizo, na nalisema kwa heshima maana alijituma. Ni mfupi kidogo, mita 1.88, na timu pinzani zinamtafuta makusudi, wanaweka skrini (mtu wa kumzibia mkabaji njia) mpaka abaki na mtu wao mkali halafu wanamshambulia hapo hapo. Msimu wa 2022/23 tukiwa na Jrue, Bucks walishinda mechi 58 na ulinzi wetu ulikuwa kwenye tano bora za ligi. Msimu uliofuata ulinzi ukaporomoka mpaka nusu ya chini ya ligi. Sio kosa la Dame peke yake, pivoti wetu Brook Lopez alikuwa anazeeka, kocha Adrian Griffin alifukuzwa katikati ya msimu akaja Doc Rivers, mambo yalikuwa mengi. Lakini mlango wa mbele ulikuwa wazi, gadi wa timu nyingine anampita Dame bila kuguswa na Lopez na Giannis ndo wanabaki wanahangaika kuzima moto chini ya ringi. Enzi za Jrue huo moto ulikuwa hauwaki.

Nikumbushe na ile ya 2021 maana bila hiyo huu ulinganisho unakuwa haujakamilika. Fainali, mechi ya tano, Phoenix kwao, siriz mbili mbili. Kwa huku ilianza saa kumi alfajiri Jumapili ya tarehe 18 Julai na iliisha kumeshakucha. Robo ya kwanza tulikuwa nyuma kwa pointi 16 nikataka kuzima nilale. Mechi iliyotangulia Jrue alikuwa ametupia mitupo 20 ikaingia 4, watu wanamsema vibaya, na bado usiku huo huo alikuwa anamtesa Chris Paul wa Phoenix uwanja mzima na tulishinda. Mechi ya tano ikafika mwisho, tunaongoza 120 kwa 119, Devin Booker wa Phoenix ana pointi 40 na mpira uko kwake. Anaingia ndani, anazunguka, na akimaliza kuzunguka anamkuta Jrue kashika mpira. Kaunyofoa tu. Mtu mwingine pale angeutuliza mpira asubiri kuchezewa faulo, Jrue anakimbia nao, anamwona Giannis anaonyesha kidole juu, anamrushia, Giannis anaudaka hewani anadanki na Chris Paul anafanya faulo juu yake. Zimebaki sekunde kama 13. Tukashinda 123 kwa 119, Jrue pointi 27 asisti 13, na mechi iliyofuata Giannis akapiga 50 tukabeba kombe la kwanza tangu 1971. Nililia siku ile, kweli kabisa. Watu wanakumbuka danki na zile 50 za Giannis, na ni haki yao, ila mi kila nikirudia ile video naangalia ile mikono.

Jamaa hata hakupumzika, akapanda ndege na Khris Middleton wetu na huyo huyo Booker kwenda Olimpiki ya Tokyo, wakafika saa chache kabla ya mechi ya kwanza na Ufaransa, Marekani ikapoteza lakini Jrue ndo alifunga nyingi kwa timu yao, 18. Wakaishia kubeba dhahabu. 2024 Paris akabeba nyingine. Dame alikuwepo Tokyo pia, nae ana dhahabu yake, tusimdhulumu.

Kwenye presha watu wanasema "Dame Time" na ni kweli, saa ikiisha mpira mpe yeye. Ila presha ina pande mbili, kuna ya kufunga na kuna ya kuzuia. Nusu fainali ya Mashariki 2022, mechi ya tano Boston, tulikuwa nyuma kwa 14 robo ya nne na Middleton kaumia hayupo. Mwishoni tunaongoza kwa moja, Marcus Smart wa Boston anaingia kufunga, Jrue anamziba na wakati mpira unatoka nje anaudaka na kumgongesha nao Smart ili uwe wetu. Halafu sekunde za mwisho Smart tena, Jrue tena, kamwibia, mechi kwisha 110 kwa 107. Smart ndo alikuwa mlinzi bora wa ligi mwaka ule! Siriz tuliipoteza mechi ya saba, lakini wale Boston walikumbuka kilichowapata. Ndo maana alivyopatikana hawakusita hata kidogo.

Nisije nikaonekana naficha, Jrue ana mapungufu na ukimchagua uyajue. Kwenye pleyofu mitupo yake inapotea, sio mechi moja, siriz nzima. 2023 tulitolewa na Miami nne moja, Jimmy Butler akatufunga 56 mechi ya nne na sehemu kubwa ya kazi ya kumkaba ilikuwa kwa Jrue. Giannis alikuwa ameumia mgongo tangu mechi ya kwanza, lakini hata hivo tulihitaji mtu wa kushika mpira dakika za mwisho na kutengeneza pointi mwenyewe na hakupatikana. Uongozi uliangalia hilo, ukaangalia na Giannis ambae alikuwa anasema wazi hatasaini kama haoni timu inataka ubingwa, wakaona dawa ni Dame. Kwa hesabu zao pale ilieleweka, hata mimi naielewa. Tatizo walimtazama Jrue kama kitu ambacho kikiondoka kitazibwa na pointi zitakazoingia. Pengo alilokuwa anaziba yeye halizibwi kwa pointi.

Kilichofuata kinajulikana. Msimu wa 2023/24 Boston wanashinda mechi 64, Jrue anashuka hadi pointi 12.5 kwa mechi bila kulalamika hata siku moja, anasimama kwenye kona anasubiri mpira na pointi tatu zake zinaingia karibu asilimia 43. Mtu aliyekuwa ol-sta mwaka uliopita anakubali kuwa wa nne au wa tano kwenye kufunga! Fainali ya Mashariki na Indiana, mechi ya tatu, alikuwa anaumwa hata haikujulikana kama atacheza, mwishoni akafunga akiwa amechezewa faulo na kuipa Boston uongozi, halafu akamnyang'anya Andrew Nembhard mpira zikiwa zimebaki sekunde chache. Fainali mechi ya pili na Dallas, pointi 26 ribaundi 11. Bingwa tena. Sisi Milwaukee msimu huo huo tulitolewa raundi ya kwanza na hao hao Indiana. Giannis aliumia hakucheza hata mechi moja, na Dame mechi ya kwanza alifunga 35 nusu ya kwanza peke yake, nakumbuka nilisimama napiga makofi peke yangu sebuleni, jamaa ni hatari. 2024/25 tukachukua kombe la NBA la Desemba, halafu raundi ya kwanza Indiana tena, na mechi ya nne Dame akachanika kano ya kisigino. Ile iliniuma bila kujali mambo ya nani bora, hakuna anayestahili vile. Julai 2025 Bucks wakamwachia, na malipo ya zaidi ya dola milioni 110 yakagawanywa kwa miaka mitano. Dame na Giannis hawakuwahi kushinda siriz hata moja ya pleyofu pamoja.

Kuhusu utu sitasema mengi. Wote ni watu wa kuheshimika, Dame aliipenda Portland miaka 11 wakati wengine wangekimbia mapema. Jrue wachezaji wenzake wa ligi wamempigia kura kama mchezaji mwenza bora mara tatu, 2020, 2022 na 2023. 2016 aliacha timu kabisa mwanzoni mwa msimu akae na mkewe Lauren, yule aliyebeba kombe la dunia la soka la wanawake 2015, alipokuwa anatibiwa uvimbe kwenye ubongo akiwa ametoka kujifungua. 2020 mshahara wake uliobaki wa msimu, dola zaidi ya milioni 5, akautoa kusaidia jamii ya watu weusi. Ukikaa na timu ya watu kumi na tano miezi minane, mtu kama huyu unamhitaji chumba cha kubadilishia nguo hata siku ambayo hajafunga kitu.

Kwahiyo unachagua vipi? Iangalie timu yako kwanza kabla ya kumwangalia mchezaji. Kama una mtu anayeweza kukupa pointi kila akishika mpira, kama sisi tulivyokuwa na Giannis, tafuta Jrue wako, yule anayemchukua mchezaji hatari wa upande wa pili kila siku bila kuambiwa, na ukimpata usimbadilishe na mfungaji hata akija mwenye jina gani. Kama hauna kabisa mfungaji wa nje na una warefu wawili wanaoweza kulinda chini ya ringi na mabawa (wachezaji wa pembeni) wenye miguu ya kukimbia, chukua Dame na umzungushie walinzi, Portland walifika fainali ya Magharibi 2019 kwa namna hiyo. Na dogo unayeuliza umuige nani, anza na Jrue. Kurusha kutoka mita 11 kunataka mwili na miaka ya mazoezi ambayo wengi hatutaipata, lakini kukaa chini, kuweka kifua mbele ya mtu na kuacha mkono kwenye mpira unaweza kuanza kesho jioni uwanjani, na kocha atakupanga hata kama mitupo yako haiingii.

Cha ajabu ni kwamba 2025 Boston wakabana matumizi wakampeleka Jrue Portland kwa Anfernee Simons, na Dame alipoachiwa na sisi akarudi zake Portland kwao. Wawili wote timu moja, ambayo sio yetu. Nikiwaona pamoja wamevaa jezi moja kuna kitu kinanikaa kooni. Milwaukee mwaka ule wa kombe Jrue alivaa namba 21, yangu bado ninayo, rangi ya kijani imeanza kupauka mabegani, na Jumapili nikienda kucheza ndo naivaa.